Mchicha, muhogo na mnazi: namna ya kugawa akiba yako ukiwa London



Kwenye suala la kuwekeza, wahenga wetu walituachia methali zinazopoteza. Walisema mshika mbili moja humponyoka. Wakasema tena njia mbili zilimshinda fisi. Ukiwafuata neno kwa neno utachukua akiba yote ya miaka ishirini ya kubeba boksi hapa London na kuiweka mahali pamoja, na kwa wengi wetu mahali penyewe panajulikana: kiwanja, halafu nyumba juu ya kiwanja. Lakini wahenga haohao, walipoingia shambani, hawakufanya walivyosema. Mkulima wa pwani alipanda mchicha wa kuchuma baada ya wiki chache. Akapanda muhogo, ambao ukikomaa unaweza kungoja ardhini mpaka siku ya njaa. Na akapanda mnazi, akijua kwamba itapita miaka kabla ya kuangua dafu la kwanza, na kwamba huenda mlaji mkuu akawa mwanawe. Kila zao lilikuwa na wakati wake na kazi yake. Fisi alishindwa kwa sababu hakujua kila njia inaelekea wapi.

Ninayotaka kueleza leo hayazidi hayo ya mkulima. Nitayaeleza kwa pauni na shilingi, kwa sisi tunaolipwa huku na bado mguu mmoja uko nyumbani.

Neno lenyewe

Wataalamu wa fedha wanaliita jambo hili mgawanyo wa rasilimali. Napendelea "rasilimali" kuliko "mali", maana mgawanyo wa mali nyumbani husikika baada ya matanga, kadhi akiwa amekaa na karatasi yake. Na hata neno "hisa" tulilitumia kwenye mirathi kabla halijaingia kwenye soko la mitaji. Tofauti ni kwamba hapa unagawa ukiwa hai, na mrithi wa kwanza ni wewe mwenyewe wa miaka ijayo.

Maana yake ni rahisi. Kabla ya kuuliza "ninunue hisa gani?" au "kiwanja cha Kigamboni au cha Kibaha?", uliza kwanza: katika kila pauni mia niliyonayo, ngapi ziwe taslimu, ngapi ziwe hatifungani, ngapi ziwe hisa, ngapi ziwe ardhi na nyumba? Harry Markowitz, mchumi wa Chicago, aliandika mwaka 1952 kwamba hatari ya kitu kimoja haipimwi peke yake. Inapimwa kwa namna kinavyokwenda pamoja na vingine ulivyonavyo. Vikianguka vyote siku moja, hujagawa kitu. Kazi hiyo ilichangia kumpa tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Zanzibar ililipa gharama ya somo hilo miaka themanini kabla yake. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa sana ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Pemba, ng'ambo ya mkondo tu, ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo iliyobeba zao la karafuu. Waliokuwa na mikarafuu Unguja peke yake walikuwa na miti mingi, ndiyo, lakini yote ilisimama kwenye upepo mmoja. Wingi wa vitu si mgawanyo. Mtu mwenye viwanja vinne katika mtaa mmoja ana kitu kimoja mara nne.

Mafungu manne na tabia zake

Taslimu, yaani pesa ya benki, ni mchicha. Inapatikana leo, haikui, na ukiiacha muda mrefu inanyauka. Mfumuko wa bei Uingereza ulifika asilimia 11.1 Oktoba 2022, na hakuna akaunti ya kawaida iliyolipa riba hiyo. Usalama wake una mpaka pia. Wengi tunakumbuka foleni za Septemba 2007 nje ya matawi ya Northern Rock. Wakati ule dhamana ililipa kamili pauni 2,000 za mwanzo na asilimia 90 tu ya 33,000 zinazofuata. Leo, tangu Desemba 2025, inalinda pauni 120,000 za mtu mmoja katika benki moja. Nyumbani kiwango ni kidogo zaidi. Oktoba 2015, Imperial Bank ya Kenya ilipofungwa na Benki Kuu, bima ya amana ilikuwa shilingi 100,000 tu.

Hatifungani ni muhogo. Unaikopesha serikali au kampuni, inakulipa riba kwa tarehe zilizowekwa, na mwisho inakurudishia mtaji. Watu hudhani haishuki thamani. Inashuka! Riba za soko zikipanda, hatifungani ya zamani yenye riba ndogo hakuna anayeitaka kwa bei ileile. Mwaka 2022 hatifungani za serikali ya Uingereza zilipoteza karibu robo ya thamani yake. Septemba mwaka huo, baada ya bajeti ndogo ya Kwasi Kwarteng, ilibidi Benki Kuu ya Uingereza iingie sokoni kuzinunua ili kutuliza mambo. Kwa hiyo mtu anayehitaji pesa baada ya miaka minne asinunue hatifungani ya miaka ishirini.

Hisa ni mnazi. Kwa miaka mingi ndizo zilizokua kuliko vingine, lakini zinataka subira ambayo wengi hatuna. Faharisi ya FTSE 100 ilifunga kwenye 6,930 siku ya tarehe 30 Desemba 1999. Machi 2003 ilikuwa 3,287. Ilichukua mpaka Februari 2015 kuipita ile ya 1999, bila kuhesabu gawio. Miaka kumi na mitano, jamani! Aliyekuwa akipata gawio na kuendelea kununua kidogokidogo njiani hakuumia sana. Aliyeingia na pesa za ada ya mtoto aliumia.

Za nyumbani zina hadithi ileile. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, na watu wakapanga foleni, wengine kwa mkopo. Muda si mrefu bei ikashuka karibu na shilingi 3. Mwaka 2021 ilivuka 40, na 2023 ikaanguka tena chini ya 15. Hisa ileile ilimtajirisha mmoja na kumfilisi mwingine, na tofauti yao ilikuwa siku waliyohitaji pesa. Na huyo wa Safaricom ana bahati, maana kampuni bado ipo. Aliyeweka zake zote Kenya Airways alishuhudia biashara ya hisa zake ikisimamishwa Julai 2020 mpaka Januari 2025. Soko zima likianguka kwa kawaida huinuka baadaye, lakini kampuni moja inaweza isiinuke kabisa. Ndiyo sababu mtu wa kawaida anashauriwa kununua mfuko wa pamoja unaofuata faharisi ya dunia nzima badala ya kuchagua kampuni mbili tatu alizosikia kwenye harusi.

Ardhi na nyumba ni fungu la nne, na hapa najua ndipo ubishi utakapoanza.

Nyumba ya nyumbani

Namjua mzee wetu mmoja wa East Ham, aliyeendesha basi mpaka alipostaafu. Alijenga nyumba mbili nyumbani, nzuri kweli. Kila mtu alimsifu, nami nilimsifu. Mkewe alipougua wakiwa likizo huko, hospitali ilitaka pesa wiki ileile. Benki hakuwa na kitu. Nyumba haiuzwi chumba kimoja, wala huwezi kuuza dirisha ukabaki na ukuta. Aliuza nyumba nzima kwa haraka, kwa bei aliyoitaja mnunuzi, na mnunuzi alijua shida ya muuzaji. Mzee hakukosa mali, alikosa mchicha.

Sisemi tusijenge. Nyumba ya nyumbani si uwekezaji tu: ni heshima, ni mahali pa kufikia msiba na harusi. Kwa wengine ndiyo nia nzima ya kuja huku. Ninachosema ni tuihesabu kwa jina lake. Ikiwa utaishi humo au ataishi mama, hiyo ni matumizi mema kabisa, lakini haitakulipa mshahara uzeeni. Ikiwa ni ya kupangisha, basi ni rasilimali, na ipimwe kama nyingine: inaingiza ngapi baada ya ukarabati, kodi na miezi isiyo na mpangaji? Nani anakusanya? Iko kwa jina la nani?

Swali hilo la mwisho ni zito kwa aliyechukua pasipoti ya Uingereza. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini asiye raia anamiliki ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Tanzania, Sheria ya Uraia ya 1995 humwondolea uraia mtu mzima anayechukua wa nchi nyingine, na kwa Tanzania Bara Sheria ya Ardhi ya 1999 ilimfungia asiye raia mlango isipokuwa kwa uwekezaji. Marekebisho ya hadhi maalumu kwa diaspora yamekuja baadaye. Zanzibar ina sheria zake za ardhi. Soma sheria iliyopo siku unayonunua, usitegemee aliyokuambia shemeji. Hati ikiwa kwa jina la kaka yako, rasilimali ni ya kaka yako, na wewe una matumaini.

Maswali mawili

Kugawa kunaanza na maswali mawili, na kila pauni ijibu yote mawili.

La kwanza: nitaihitaji lini? Pesa ya ndani ya mwaka mmoja iwe taslimu. Ya miaka miwili mpaka mitano iwe akaunti ya muda maalumu au hatifungani fupi. Ya miaka kumi na zaidi inaweza kubeba hisa nyingi. Umri wako ni muhimu, lakini tarehe ya matumizi ni muhimu zaidi. Kijana wa miaka 25 anayetaka malipo ya awali ya nyumba mwaka kesho hana biashara na hisa.

La pili: nitaitumia kwa sarafu gani? Hili vitabu vya Kiingereza hulipitia haraka, maana mwandishi wake anazaliwa, anastaafu na kuzikwa kwenye pauni. Sisi sivyo. Mwaka 2008 dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,200 za Tanzania, na mwaka 2024 ilivuka 2,600. Aliyeweka akiba yake yote kwa pesa za madafu alihitaji faida kubwa ili abaki alipokuwa. Shilingi ya Kenya mwaka 2023 pekee ilipoteza karibu moja ya tano ya thamani yake mbele ya dola. Halafu Februari 2024 serikali ya Kenya ikatoa hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi ya Kenya, na shilingi ikapanda muda huohuo. Aliyenunua alifurahi mara mbili. Lakini kama asingalijali kulala macho, mbona hakununua mwaka mmoja nyuma? Riba kubwa ni ujira wa kubeba hatari.

Tusiicheke shilingi peke yake. Pauni iliyokuwa dola 2 mwaka 2007 ilikuwa chini ya dola 1.10 Septemba 2022. Mshahara wako, nyumba yako ya London na pensheni yako vikiwa vyote vya pauni, wewe pia una mikarafuu Unguja tu. Mfuko wa hisa za dunia unasaidia hapa, kwa kuwa zaidi ya nusu yake ni kampuni za Marekani na nyingine zimetapakaa kote.

Anayepanga kurudi akumbuke jambo moja zaidi. Pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila Aprili kwa anayeishi huku. Ukihamia Tanzania, Kenya au Uganda utalipwa, lakini inaganda kwenye kiwango cha siku uliyohama, au cha siku utakapoanza kulipwa ikiwa ulihama kabla yake. Baada ya miaka kumi na mitano wewe na jirani yako wa Ilford mliochanga sawasawa hamtapokea sawa. Pengo hilo lazima lizibwe na akiba yako mwenyewe, yaani na minazi uliyopanda mapema.

Mfano

Tuseme dada mmoja muuguzi, miaka 42, ana pauni 24,000. Mama yuko Tanga. Nyumba ya huko inahitaji paa baada ya miaka minne. Anataka kurudi akiwa na miaka 62. Matumizi yake ni pauni 1,500 kwa mwezi.

Kwanza miezi minne ya matumizi: 6,000, taslimu, haiguswi. Pili fungu la mama, kwa tiketi ya dharura na hospitali: 2,000, taslimu. Tatu paa: 6,000, kwenye akaunti ya muda maalumu au hatifungani fupi. Zinabaki 10,000 za uzee, miaka ishirini mbele. Hizi aziweke kwenye ISA: 7,000 mfuko wa hisa za dunia, 3,000 hatifungani.

Angalia sasa. Kwenye fungu la uzee ana asilimia 70 ya hisa, anaonekana jasiri. Lakini kwenye akiba yote hisa ni 7,000 kati ya 24,000, yaani asilimia 29. Soko likianguka nusu nzima, amepoteza 3,500, chini ya asilimia 15 ya vyote, na hana sababu ya kuuza maana matumizi, mama na paa vyote viko salama. Hiyo ndiyo faida ya kugawa. Soko linaanguka kama kawaida yake, lakini haliwezi kumlazimisha auze. Akiwa na pensheni ya NHS, inayolindwa dhidi ya mfumuko wa bei, hiyo nayo ni muhogo tayari, na anaweza kuongeza minazi kidogo akipenda.

Kusawazisha

Mgawanyo ukishapangwa hukengeuka wenyewe. Hisa za dada yetu zikishuka asilimia 30, zile 7,000 zinakuwa 4,900. Na hatifungani 3,000, jumla ni 7,900. Asilimia 70 ya hiyo ni 5,530. Basi anahamisha 630 kutoka hatifungani kwenda hisa. Zikipanda asilimia 40 zinakuwa 9,800, jumla 12,800, na anapunguza hisa kwa 840. Afanye mara moja kwa mwaka, kwa tarehe aliyoichagua, hata kama ni siku ya kuzaliwa. Hivyo atanunua bei ikiwa chini na kuuza ikiwa juu bila kutabiri lolote. Ndani ya ISA hakuna kodi ya kuhamisha. Kinachouma ni moyo, maana siku ya kununua ndiyo siku ambayo kila mtu kazini anasema dunia imekwisha.

Mambo madogo yanayokula mengi

Gharama. Pauni 20,000 zikikua asilimia 5 kwa mwaka kwa miaka 25, ukikatwa asilimia 0.2 kila mwaka utabaki na karibu 64,600. Ukikatwa asilimia 1.5 utabaki na karibu 47,300. Pauni elfu kumi na saba zimekwenda kwa mtu aliyevaa tai.

Pensheni ya kazini. Tangu Oktoba 2012 waajiri walianza kulazimika kuwaandikisha wafanyakazi, na tangu Aprili 2019 mchango wa chini ni asilimia 8 ya mshahara unaohesabiwa, angalau 3 kutoka kwa mwajiri. Wako wanaojitoa ili watume zaidi nyumbani. Kujitoa ni kukataa mshahara, jamani.

Kodi. Ukiishi Uingereza, kodi ya nyumba ya Mombasa au riba ya hatifungani ya Nairobi inahusu mamlaka ya kodi ya huku pia. Ule utaratibu wa zamani wa kutotozwa mpaka ulete pesa Uingereza ulifutwa Aprili 2025. Tafuta mhasibu.

Halali. Kwa anayejiepusha na riba, hatifungani za kawaida zinatoka, na badala yake kuna sukuk (serikali ya Uingereza ilitoa ya kwanza mwaka 2014) na mifuko ya hisa iliyochujwa kisharia. Tahadhari moja: mingi ya mifuko hiyo imekuwa hisa tupu kwa muda mrefu. Anayeichagua kwenye pensheni kwa ajili ya dini anaweza kujikuta amechagua pia minazi mitupu akiwa na miaka 60. Akague kilichomo ndani.

Upatu. Ni nidhamu nzuri, sikatai, na umejenga nyumba nyingi. Lakini pesa yake haikui, na haina dhamana zaidi ya uaminifu wa walio kwenye mchezo. Uhesabu kama mchicha.

Mwisho

Kazi ya leo jioni ni ndogo. Chukua karatasi, andika vyote ulivyonavyo: benki, pensheni, ISA, kiwanja, nyumba, hata deni alilokukopa binamu (kwa thamani yake ya kweli, tafadhali). Mbele ya kila kimoja andika vitatu: fungu lake, tarehe ya kukihitaji, na sarafu. Ukiona neno moja linajirudia kwenye kila mstari, iwe ni "nyumba" au "pauni" au "jina la kaka", hapo ndipo kimbunga kitakapopita. Hujachelewa kupanda kitu kingine.